Vijidudu vya Tumboni na Ugonjwa wa Sukari

Ukisikia neno vijidudu unafikiri mara moja juu ya kuhara na kipindupindu. Ni kweli, viko vijidudu vibaya. Kwa hiyo tunanawa mikono na kuchemsha maji. Lakini katika utumbo wako mpana viko vingine vingi mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo ni msaada kwako.

Kazi yao ni nini?

Hapa kwetu Kabondo-Dianda tunakula bukari kwa sombe, lengalenga au maharage. Majani na maharage yana nyuzi nyingi ambazo tumbo haliwezi kuziyeyusha. Nyuzi hizo hushuka mpaka utumbo mpana, na vijidudu huzila. Wakizila hutoa asidi fulani inayolisha ukuta wa utumbo, inayosaidia mwili kutumia sukari ya damu, na kuwatuliza askari wa mwili.

Askari hao ni chembe za damu zinazopigana na magonjwa. Pengine hukosea, wakamshambulia mwenye nyumba badala ya mwizi. Wakiharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, mtu hupata ugonjwa wa sukari wa namna ya kwanza, ambao mara nyingi huanza utotoni. Katika namna ya pili insulini ipo, lakini mwili hauitii vema.

Wataalamu wameona nini?

Daktari Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946, na mwenzake Hugh Trowell walifundisha kwamba watu wa vijijini, walao nyuzi nyingi, hawakupatwa sana na magonjwa yaliyojaa Ulaya, na kisukari kimojawapo. Mwaka 2014 Wahadza wa Tanzania, walao mizizi, ubuyu, asali na nyama, walionekana kuwa na vijidudu vya aina nyingi kuliko Waitalia wa mjini. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba huko China wagonjwa wa namna ya pili, waliolishwa nyuzi nyingi huku wakitumia dawa, walipata nafuu ya sukari kuliko wenzao.

Vijidudu si sababu pekee. Urithi wa ukoo na unene pia vina nguvu.

Basi ushike mambo haya:

1. Usiache majani na maharage kwa ajili ya mkate mweupe na soda. Kama una kisukari, punguza bukari sahanini, ongeza majani.

2. Usijinunulie antibiotiki sokoni. Huua vijidudu vyema pamoja na vibaya. Lakini ukipewa na daktari, zitumie kama alivyoagiza.

3. Mama, mnyonyeshe mtoto wako. Maziwa yako hulisha vijidudu vyema vya tumbo lake.

4. Mtoto akikojoa mara nyingi, akiwa na kiu isiyokwisha na kukonda, usitafute mchawi. Mpeleke hospitali siku ile ile, apimwe sukari.

5. Aliyeandikiwa insulini asiiache hata siku moja bila shauri la daktari. Chakula chema ni rafiki wa dawa, lakini hakishiki mahali pake. Mtoto wa namna ya kwanza akikosa insulini atakufa. Akiipata kila siku ataenda shule, atalima, na atalea watoto wake mwenyewe.