Santuri Hupigwaje? Niliyofunzwa na Sanduku la Babu

Kabla hujafungua ukurasa mwingine kutafuta vichekesho na mashairi, hebu nikutegee kitendawili. Santuri moja, upande mmoja, ina mifuo mingapi? Nilipowatega wanachama wenzangu katika mkutano wetu wa Alhamisi, mmoja alisema mia, mwingine akasema elfu, na katibu wetu, ambaye hapendi kushindwa, akasema ati ni mingi kuliko nyota. Nipe mji! Mfuo ni mmoja tu. Unaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati kama mkeka wa duara unaosukwa kwa ukili mmoja, lakini huu unasukwa kutoka nje kuja ndani.

Nami sikuyajua hayo hadi likizo ya Disemba iliyopita, nilipopelekwa Voi kumkalia babu. Babu yangu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili na wakati huo alikuwa akitembea kwa kupapasa ukuta. Kazi yangu ilikuwa kumpikia uji, kumsomea gazeti na kumzuia asitoke peke yake kwenda barabarani. Siku ya tatu akaniambia, "Mjukuu wangu, gazeti limenichosha, kila siku ni yaleyale. Vuta lile sanduku chini ya kitanda."

Lilikuwa sanduku la bati, kama haya tunayokuja nayo shuleni, na ndani yake kulikuwa na santuri themanini na tatu. Juu ya kabati kulikuwa na pleya iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Mimi nilidhani ni pambo.

Sasa, inakuwaje plastiki iimbe? Chukua santuri uiinamishe kwenye mwanga utazame mfuo wake kwa kioo cha kukuzia. Utaona haukunyooka, bali umepindapinda kama njia ya ng'ombe. Mapindo hayo ndiyo sauti yenyewe. Sindano inapopita humo inatikiswa kushoto na kulia. Mtikiso huo husogeza sumaku ndogo karibu na waya uliozungushwa, umeme hafifu sana unazaliwa, amplifaya inaukuza, na spika inausukuma hewani. Kumbe ni ileile Fizikia ya sumaku na umeme tuliyoifanya darasani huku wengine wetu tukisinzia! Gramafoni za zamani hazikuhitaji hata umeme. Ulizungusha mkono wa chuma ukakaza springi, na mtikiso wa sindano ukapita kwenye utando mwembamba hadi kwenye tarumbeta kubwa. Babu ananiambia baba yake aliiita kinanda, na watoto walichungulia ndani ya tarumbeta wamtafute mwimbaji.

Thomas Edison wa Marekani ndiye aliyetengeneza mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha, mwaka 1877, lakini yake ilitumia mcheduara. Sahani bapa tunayoijua ilitoka kwa Emile Berliner miaka kumi baadaye. Santuri za zamani zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika na zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu fulani wa Asia, zito na dhaifu kama sahani ya udongo. Ukiiangusha, umeipoteza. Katika santuri za aina hiyo ndimo alimoingia Siti binti Saad wa Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Wanaosoma fasihi wanamjua kwa kitabu cha Shaaban Robert, "Wasifu wa Siti Binti Saad". Mimi nilikuwa nimekisoma kwa ajili ya mtihani tu, bila kujiuliza sauti yenyewe ilifikaje kwa watu.

Baadaye ikaja vinili, plastiki laini isiyovunjika ovyo. Mwaka 1948 zikatoka santuri kubwa za mizunguko 33 na kitu, na mwaka 1949 zile ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45. Hizi ndogo ndizo zilizotawala Kenya, na ndizo zilizojaa sanduku la babu. Ukisahau kubadilisha swichi ukapiga ya 45 kwa mwendo wa 33, mwimbaji anaimba kama mtu aliyekula mugoka usiku kucha sasa anataka kulala. Ukikosea upande wa pili, anakuwa panya. Nilikosea makusudi mara nyingi mpaka babu akasema, "Wewe kijana, mheshimu mwenyewe aliyeimba."

Hapa ndipo penye jambo lililonipendeza kuliko yote. Piga hesabu: upande mmoja wa santuri ya inchi 7 hubeba takriban dakika nne, tano ukibana sana. Dakika tano mara 45 ni mizunguko 225, na yote lazima ienee katika ukanda mwembamba baina ya ukingo na karatasi ya katikati. Sauti nene, kama ya gitaa la besi, hupinda mfuo kwa upana zaidi, kwa hiyo wimbo wenye besi nzito unakula nafasi. Bendi zetu nazo hazikupenda kuimba kwa dakika tatu halafu zinyamaze. Dawa ikawa nini? Kuukata wimbo. Sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Upande wa kwanza una maneno na kisa. Ukiugeuza, gitaa zinashika kasi, waimbaji wanaitana, na wachezaji wanamaliza viatu. Babu anasema dansini kulikuwa na kijana ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza santuri haraka, na akichelewa, alizomewa. Kwa hiyo umbo la nyimbo nyingi tunazoziita zilizopendwa lilichongwa kwa kiasi fulani na upana wa kipande cha plastiki. Mimi jambo hili lilininyima usingizi, sijui wewe.

Nairobi ndiyo iliyokuwa jiko la mambo haya. Kulikuwa na studio na viwanda vya kuchapisha santuri, ilhali Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapisha, na kwa hiyo wanamuziki wake wengi walikuja kwetu. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuja kurekodi, na ni nchini Kenya alikofia, katika ajali ya gari mjini Mombasa mwaka 1979. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakaja na Simba Wanyika. Wenzao wakajitenga mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika, waliotupatia "Sina Makosa". Babu alinisimamisha katikati ya wimbo huo akauliza, "Nani anaongea na nani hapo?" Nikasikiliza tena. Ni mwanamume anajitetea mbele ya mwenzake aliyefura hasira kwa ajili ya mwanamke asiye wa mmoja wala wa mwingine, na kila mmoja ana wake nyumbani. Jameni, si hiyo ni tamthilia nzima? Mhusika mkuu hamsikii hata kidogo: mwanamke mwenyewe.

Kutoka Zaire wakaja Super Mazembe, na jina lao ni la matingatinga ya kuchimba barabara. "Kasongo" yao ya miaka ya 1970, ambamo mke anamlilia mume arudi nyumbani, ilirudi vinywani mwa vijana wa Kenya mwishoni mwa mwaka 2024 kwa sababu ambazo mlezi wetu wa chama amenishauri nisiziguse. Sawa, sizigusi. Daudi Kabaka naye aliimba "Helule Helule", na mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes ikauimba na kuupeleka kwenye redio za kwao. Nasi Wataita tuna Fadhili William na "Malaika", wimbo ambao Miriam Makeba aliutembeza duniani na Boney M wakaurekodi mwaka 1981. Nani hasa aliutunga, watu wamebishana hadi Fadhili akafariki mwaka 2001. Babu hataki kabisa ubishi huo nyumbani kwake.

Nisiwachoshe na majina. Ngoja niwaeleze kosa langu.

Santuri ina adui watatu: vumbi, uzito na jua. Vumbi huingia mfuoni na kukwaruza, ndiyo maana unaishika ukingoni, si usoni, na kuipangusa kwa kitambaa laini kufuata duara. (Za zamani za 78 usizipake spiriti, utayeyusha uso wake.) Kuhusu uzito, zamani sindano ikirukaruka watu waliweka sarafu juu ya kichwa chake. Babu ana shilingi yenye sura ya Mzee Kenyatta iliyofanya kazi hiyo miaka mingi, na kila ilipotulia pale juu, ilikuwa inalima mfuo polepole. Santuri pia husimamishwa wima kama vitabu. Ukizilundika chali, za chini zinapinda. Haya yote niliambiwa na nikaitikia ndiyo babu, ndiyo babu.

Kulikuwa na santuri moja babu aliyoijua kwa kidole. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imechubuka upande. Ilikuwa "Msichana wa Elimu" ya Daudi Kabaka. Zamani watu waliandika majina yao kwa kalamu kwenye lebo, maana santuri iliazimwa kama jembe na isiporudi ulihitaji ushahidi. Kwenye hii, babu alikuwa amemwandikia marehemu nyanya, wakati huo akiwa chuoni akisomea ualimu. Jina la wimbo lilitosha kuwa barua ya posa.

Niliipangusa, nikaiweka dirishani ikauke, nikaenda kuteka maji. Jua la Voi mnalijua. Niliporudi ilikuwa imeinama kama sikio la mbuzi.

Sikumwambia siku hiyo. Niliiweka baina ya vioo viwili vya dirisha, juu yake nikapanga Kamusi ya Kiswahili Sanifu, Biblia na mawe mawili, nikaomba Mungu. Siku ya nne ilikuwa imenyooka kiasi, lakini mzunguko wa mwanzo sindano iliruka kama mtu anayevuka mtaro. Babu aliisikia mara moja. Alinyamaza, kisha akauliza, "Dirishani?" Nikasema ndiyo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Wiki hiyohiyo baba mdogo akaja na habari. Alikuwa amempata mtu wa Nairobi anayenunua santuri kuukuu, maana siku hizi kuna watu hata Ulaya wanaozitafuta nyimbo zetu kama almasi. Fedha hizo zingelipia upasuaji wa jicho moja. Mimi nililia, nikasema ni urithi wetu. Baba mdogo akaniuliza kama urithi utamshika babu mkono akienda chooni. Babu mwenyewe ndiye aliyekata shauri: "Nimezisikia miaka hamsini. Sasa nataka kuona. Uzeni."

Nikaomba wiki mbili. Waya mmoja kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye kompyuta ya baba mdogo, programu ya bure ya kurekodi, na subira. Hakuna njia ya mkato hapa. Santuri ya dakika nne inarekodiwa kwa dakika nne, kisha unageuza. Usiweke sauti juu mno, kwa sababu ikishapasuka katika kompyuta hairekebishiki. Unaandika kila kitu kilicho kwenye lebo: wimbo, bendi, mtunzi, namba, hata herufi zilizochanjwa kwa mkono kwenye plastiki karibu na lebo, maana kwa hizo wajuzi huitambua santuri kama mtu kwa alama za vidole vyake. Baadhi ya bendi sikuzipata popote kwenye intaneti. Huenda kanda za studioni ziliharibika au zikafutwa zirekodiwe nyimbo nyingine, na kilichobaki ni hivi visahani vilivyolala chini ya vitanda vya wazee. Nakala nilizozirekodi ni za kusikiliza nyumbani; hakimiliki ni ya wenye nyimbo, kwa hiyo msinijie bwenini na simu zenu.

Mnunuzi akaja, mtu mpole mwenye miwani. Alizipitia moja moja akiziinamisha kwenye mwanga kama nilivyofunzwa mimi. Alichukua sitini na tano. Alipofika kwenye ya Kabaka akaitazama kwa upande, akatikisa kichwa. "Hii imepinda, tena imeandikwa kalamu. Haina bei." Akairudisha mezani.

Babu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi wa pili. Nilirudi Voi likizo ya Aprili nikamkuta ameketi karibu na pleya. Ameshajua mahali pa kuishushia sindano, hatua moja ndani ya ukingo, baada ya pale inaporuka. Wimbo unaanzia katikati ya neno, lakini unaanza. Ulipokwisha aliitoa, akaisogeza karibu na uso, akasoma lebo taratibu, neno kwa neno. Kisha akacheka.

"Kumbe hati yangu ilikuwa mbaya hivi," akasema. "Na bado alikubali."