Barua Isomwayo kwa Sikio

Katika nchi hii ya Kakamega, ambako misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikituama kwa mfalme Nabongo Mumia kabla reli haijafika, barua imetumika kwa muda mrefu kupelekea biashara, posa, madai na rambirambi. Lakini tangu zama hizo hadi juzi wamekuwako watu ambao barua ziliwafikia mikononi, zisiwafikie moyoni ila kwa kupitia kinywa cha mwingine. Mtu asiyeona alipoletewa bahasha ilimlazimu amngoje mtoto arudi shuleni, au amwendee mwalimu wa jirani, au mzee wa kanisa. Na msomaji huyo, hata angekuwa mwaminifu kupita kiasi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba mwenye barua anadaiwa, kwamba vipimo vya hospitali vimetoka vibaya, kwamba posa ya mwanawe imekataliwa. Breli, iliyopata makao makubwa nchini Kenya katika shule ya wasioona iliyofunguliwa na Jeshi la Wokovu huko Thika mwaka 1946, iliwapa wanafunzi wake kitabu na daftari, na fadhila hiyo haisahauliki. Walakini ni maafisa wangapi, na wafanyabiashara wangapi, na jamaa wangapi wa mbali waliojua kuiandika? Faragha ya barua ilibaki kuwa mali ya wenye macho.

Barua pepe ndiyo iliyoivunja kaida hiyo, nami nataka kueleza jinsi inavyosomwa na kuandikwa bila ya macho na bila ya kipanya, kwa sababu watu wengi, hata waliosoma sana, hudhani kwamba kompyuta ya mtu asiyeona ni mashine ya namna ya pekee iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Hasha. Ni kompyuta ileile iuzwayo madukani mjini Kakamega, yenye kibodi ileile, ila imetiwa programu iitwayo kisoma skrini, ambayo kazi yake ni kuyachukua maandishi yaliyomo katika kioo na kuyageuza kuwa sauti, au kuwa breli kwa yule aliyejaaliwa kuwa na kifaa cha kuipokea. Mashuhuri miongoni mwa programu hizi kwa muda mrefu ilikuwa JAWS, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana katika mbio za pikipiki kabla ya kupoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Programu bora, ila bei yake haimwelekei mwalimu wa shule ya msingi wala mkulima wa miwa. Ndipo mwaka 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, naye mwenyewe haoni, alipoanza kuandika NVDA, ambayo yeye na mwenziwe James Teh waliiachia dunia nzima bila ya malipo; na hiyo ndiyo nitakayoitolea mifano, maadamu kila asomaye makala haya anaweza kuipata leo bila ya kutoa hata shilingi.

Jambo la kwanza kufahamu, na aghalabu ndilo linalosahauliwa na wanaofundisha, ni kwamba jicho hupokea ukurasa mzima kwa mara moja, ilhali sikio hupokea kitu kimoja baada ya kingine, mfano wa vidole vipitavyo juu ya punje za tasbihi. Mwenye macho akifungua programu ya barua huona kwa mtupo mmoja folda ziko kushoto, orodha ya barua iko kati, na barua yenyewe iko chini au kulia. Asiyeona huwa kila wakati amesimama mahali pamoja tu katika hayo yote, na kisoma skrini humtajia mahali hapo peke yake. Kwa hiyo elimu yote ya kutumia barua pepe kwa sikio, ukiichambua mpaka kiini chake, ni elimu ya kujua uliposimama na njia ya kufika unapotaka. Ayajuaye mafunguo mia ya kibodi asijue yuko wapi hupotea upesi kuliko ayajuaye kumi tu na kujua mahali alipo.

Natuchukue programu ya Thunderbird, ambayo nayo ni ya bure, iliyotolewa rasmi na Mozilla mwaka 2004. Ikisha kufunguliwa, kitufe cha F6 hukuhamisha kutoka chumba hadi chumba: kutoka folda hadi orodha ya barua, kutoka orodha hadi barua, kisha ukarudi ulikoanza, na kila ukihama, sauti hukutajia chumba ulichoingia. Ukiwa katika orodha, kishale cha chini hukupeleka barua hadi barua, nawe husikia jina la aliyeileta, mada yake, tarehe, na kwamba imesomwa au haijasomwa. Hapo msikilizaji mzoefu haingoji sauti imalize: akisikia jina lisilomhusu, hubonyeza kishale tena, na sauti hukatika palepale ikaanza na barua ifuatayo, hata akazipitia barua hamsini kwa muda ambao mgeni angedhani anachezea vitufe tu. Herufi N humrusha moja kwa moja kwenye barua ambayo haijasomwa, na Enter huifungua. NVDA huanza kuisoma tangu mwanzo bila ya kuambiwa. Kitufe cha Ctrl huinyamazisha sauti, na kile cha Shift huisimamisha kwa muda mpaka kibonyezwe tena. Akitaka kurudia mstari hutumia vishale vya juu na chini. Akitaka neno moja moja hushika Ctrl pamoja na kishale cha kulia. Na akitaka herufi moja moja, kishale cha kulia peke yake. Hili la mwisho lisidharauliwe, kwani nambari ya akaunti ya benki au jina la mtu haliaminiki mpaka limesikiwa tarakimu kwa tarakimu na herufi kwa herufi.

Sasa nije kwenye hatari, nayo inastahiki wasaa zaidi kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Katika orodha ya barua ya Thunderbird, herufi ya kawaida ya kibodi ni amri. A huihamishia barua katika folda ya kumbukumbu, B hukurudisha kwenye barua iliyotangulia, J huitia barua alama ya takataka, M huigeuza iliyosomwa kuwa haijasomwa. Mchukue basi mwanafunzi anayedhani kwamba amefungua barua mpya na yumo katika sehemu ya kuandikia, kumbe yungali katika orodha. Akaanza kwa adabu zote kuandika neno Habari. H haitendi kitu. A ya kwanza imekwisha kuhamisha barua moja. B imemrudisha nyuma. A ya pili imehamisha nyingine. Na R imeutia mfululizo mzima wa barua alama ya kwamba umesomwa. Salamu moja imeondosha barua mbili, na mwenyewe hana habari. Hazikupotea, zimo katika folda hiyo ya kumbukumbu, iitwayo Archives, lakini asiyejua kisa hiki atazitafuta mpaka afadhaike, na yamkini ataiacha kompyuta akirudi kwa msomaji wake wa zamani.

Kinga yake ni nyepesi, nami huwasihi wanafunzi waifanye tabia kabla hawajajifunza amri nyingine yoyote. Kila kisoma skrini kina kitufe chake, na katika NVDA ni Insert, ingawa kwenye kompyuta ndogo za kubeba watu wengi hupendelea kuikabidhi kazi hiyo Caps Lock. Insert pamoja na Tab humtajia mtu mahali aliposimama. Insert pamoja na T humtajia jina la dirisha alilomo. Sekunde mbili za kuuliza, kisha ndipo kuandika. Mwenye macho hufanya vivyo hivyo kila mara kwa kutupa jicho, ila hajui kuwa anafanya.

Kuandika kwenyewe ni kwepesi kwa aliyejifunza kupiga chapa bila ya kuangalia, na kibodi husaidia katika hilo: herufi F na J zina vinundu vidogo ambapo vidole vya shahada hupumzika, na tarakimu 5 ya pembeni ina chake. Ctrl na N hufungua barua mpya na kukuweka penye anwani. Ukiandika herufi chache za jina, programu hukuletea anwani iliyohifadhiwa. Tab hukupeleka mbele hadi kwenye mada, kisha kwenye mwili wa barua. Ctrl na R ni kumjibu aliyekuandikia, ama Ctrl, Shift na R kwa pamoja ni kuwajibu wote waliotajwa, na kati ya amri hizi mbili pana kidole kimoja tu, kwa hiyo ni vyema kurudi juu kwa Shift na Tab na kuyasikiliza majina ya wapokeaji kabla ya kutuma neno la siri. Ukimaliza, Ctrl na Enter hutuma, na Thunderbird hukuuliza kwanza kama uko tayari. Swali hilo lina kitufe cha kulizima kwa daima, nakushauri usilizime.

Wapo wasomao barua zao katika kivinjari, hasa za Gmail, na huko kuna mgongano unaowatatiza hata wajuzi. NVDA, ikiingia katika ukurasa wa wavuti, huzichukua herufi kuwa zake: H hurukia kichwa cha habari kifuatacho, K hurukia kiungo, E hurukia mahali pa kuandika. Gmail nayo, mtu akiruhusu amri zake za kibodi katika mipangilio, huzitaka herufi zizo hizo: C iandike barua mpya, R ijibu, E iihamishe barua katika kumbukumbu. Nani asikilizwe? Jawabu ni Insert pamoja na kitufe cha nafasi, ambacho huzikabidhi herufi upande huu au upande ule, na mlio mfupi hukuarifu zimekwenda kwa nani. Mtu anaweza kulizoea, lakini kwa anayeanza sioni haja ya kumtwika mabwana wawili juu ya kibodi moja, na ndiyo sababu nampeleka kwanza kwenye programu iliyowekwa ndani ya kompyuta. Fauka ya hayo, programu hiyo huweza kuzishusha barua zote pindi mtandao upatikanapo, zikasomwa baadaye hata bando likiwa limekwisha, na huko Khwisero au Shinyalu hilo si jambo dogo.

Kuhusu sauti yenyewe pana kero ambayo wa nchi nyingine hawaijui sana. Barua za mtu wa Kakamega huja kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na pengine kwa Kiluhya, na sauti ya Kiingereza ikiyatamka maneno ya Kiswahili huyavunja viungo hata hayatambulikani, seuze majina kama Ikolomani na Khwisero. Kwa bahati njema eSpeak NG, sauti inayokuja pamoja na NVDA, inacho Kiswahili. Si sauti tamu, lakini husoma irabu zetu kama zilivyoandikwa, na majina ya Kiluhya hutoka humo yakiwa na uhai zaidi. Kubadilisha, mtu hushika Insert na Ctrl, akachagua kwa vishale vya kulia na kushoto kitu anachotaka kukigeuza, iwe sauti, kasi au kimo chake, kisha akakigeuza kwa vishale vya juu na chini. Neno ambalo bado linatamkwa visivyo linaweza kuandikwa katika kamusi ya matamshi ya NVDA jinsi sikio linavyolitaka, na kazi hiyo hufanywa mara moja tu.

Simu za mguso zina visoma skrini vyake, TalkBack katika Android na VoiceOver katika iPhone tangu mwaka 2009, na vijana wengi huanzia huko. Kwa ujumbe mfupi zinatosha kabisa. Ama barua ya kuomba kazi yenye aya sita na viambatisho viwili, kibodi haijapata mshindani.

Lakini ustadi wote huu hufika ukingoni pale barua inapokuja haina maandishi. Karani huandika barua katika kompyuta, huichapisha, ikatiwa sahihi na muhuri, kisha huipitisha katika skana na kuituma. Kinachofika kwa mpokeaji ni picha ya barua, nayo picha ni bubu. NVDA ina njia ya kuokoa: katika Windows 10 na 11, Insert pamoja na R huiamuru kompyuta iyatambue maandishi yaliyomo katika picha iliyofunguliwa, na mara nyingi hufaulu, ila muhuri ukiwa umeangukia juu ya tarehe au karatasi ikiwa imepinda, tarehe hiyo haitoki sawasawa. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari na ya kutumia breli au njia nyingine zinazomfaa katika mawasiliano, na mwaka 2022 Kenya ilitoa kiwango chake cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa vyombo vya teknolojia ya mawasiliano. Huko Thika, tangu mwaka 2009, shirika la inABLE lililoasisiwa na Irene Mbari-Kirika limekuwa likiwafundisha kompyuta wanafunzi wasioona. Vijana hawa wakihitimu wanarudi katika kaunti zao, wanaomba kazi na nafasi za chuo, na wanajibiwa kwa picha.

Namwomba basi kila karani wa ofisi, wa shule na wa kanisa katika kaunti yetu: maandishi ya barua uliyoiandika ungali nayo katika kompyuta yako, basi yaambatishe pamoja na ile picha yenye muhuri, lipe faili jina linaloeleza yaliyomo badala ya tarakimu zilizotolewa na skana, katika mada andika shauri lenyewe, wala usiiache tupu, na siku ya mwisho ya kujibu, pamoja na mahali pa kufika, viandike katika mwili wa barua pepe, mstari wa kwanza au wa pili, kabla ya nembo na anwani za ofisi.