Kati ya Wangapi?

Ingia kituo chochote cha afya cha serikali Tanzania utakuta vitabu vikubwa vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vimepewa namba. Namba 5 ni ya wagonjwa wa nje, namba 6 ya wajawazito, namba 7 ya watoto, namba 12 ya wanaojifungua. Mimi ni muuguzi mkunga, na kitabu changu kwa miaka mingi kilikuwa namba 12. Usiku wa manane, mama akishatulia na mtoto akishanyonya, ndipo unapokaa na kalamu: umri, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto, hali ya mama. Mwisho wa mwezi unajumlisha, ripoti inakwenda wilayani. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote. Lakini swali la kukiuliza kile kitabu nililipata darasani, nilipokuwa nasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii: hawa waliojifungua hapa ni kati ya wangapi?

Watu wengi wakisikia muuguzi au daktari anasoma uzamili, wanajua anakwenda kuwa bingwa. Shangazi zangu walinipongeza kwa vifijo, kisha wakataka kujua nitakuwa natibu ugonjwa gani. Nikawaeleza kwamba hakuna ugonjwa wangu. Tunasoma epidemiolojia, yaani namna ugonjwa unavyotembea katika watu na kwa nini unawakamata hawa na kuwaacha wale. Tunasoma takwimu, afya ya mazingira, uchumi wa afya, sayansi za jamii, na sera: nani anaamua fedha iende wapi, na kwa hoja gani. Kozi hii inatolewa Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na vyuo vingine. Darasani mganga mkuu wa wilaya anakaa meza moja na mfamasia, ofisa afya mazingira na mtu wa maabara, na wote wanaanza na somo lile lile la kutofautisha namba ya juu na namba ya chini katika sehemu. Namba ya juu tunaijua, ni watu waliofika kwetu. Ile ya chini ndiyo inayotusumbua, maana humo wamo ambao hawakufika.

Mfano ulionifungua macho unatoka bonde la Rufiji, nilikofanyia kazi. Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, IDRC, ilianzisha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walipita nyumba hadi nyumba, wakauliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Penye msiba waliwauliza wafiwa kwa upole marehemu aliumwaje: homa ilianza lini, alikohoa, alipumua kwa shida? Kutokana na majibu hayo madaktari walikadiria chanzo cha kifo. Hapo ndipo wilaya zilipojua kinachoua watu majumbani, mbali na kile kinachoandikwa hospitalini.

Majibu yalikuwa mazito. Morogoro, malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea kwa vifo na maradhi, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 hivi. Magonjwa ya watoto yaliachwa nyuma vilevile. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mwaka bajeti ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliopita, na aliyepaza sauti zaidi kwenye kikao ndiye aliyeongezewa. Mradi ukawapa timu za wilaya michoro ya kawaida kabisa, ya kuonyesha ugonjwa gani unakula watu kiasi gani na fedha inakwenda wapi. Ukaahidi pia nyongeza ya hadi dola mbili kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya zikaweza kutumia chini ya dola moja, na hiyo ikatosha kubadili mambo. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumtazama mtoto mgonjwa mzima mzima, homa yake, kikohozi, kuharisha na lishe kwa pamoja, badala ya kutibu kilichotajwa na mama tu. Katika muda wa miaka mitano hivi, kufikia 2003, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Sehemu hiyo niliisoma nikarudia. Nimewashika mikononi watoto wa Rufiji wenye degedege, najua uzito wao. Kumbe sahihi ya mtu wa mipango kwenye karatasi moja inaweza kuokoa watoto ambao zamu zangu zote za usiku zisingewafikia.

Mada za sera zilinirudisha hadi utotoni. Baba yangu alikuwa katika kikundi cha kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika vijijini, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Miaka ishirini baadaye, 1993, serikali ilianza kutoza ada hospitalini, ikawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na, baadaye kwa sera, wazee wasiojiweza. Msamaha umeandikwa. Hata hivyo mkunga yeyote atakwambia mama anavyofika na mfuko wa plastiki wenye glavu, pamba na wembe alivyovinunua mwenyewe kwa sababu aliambiwa havipo. Kusoma sera ni kufuatilia umbali huo, toka maandishi mpaka mfuko wa mama, na kutafuta ni wapi hasa fedha au dawa ilikwama.

Kisha unafika wakati wa utafiti, na hapa mwombaji ajiandae kwa subira. Pendekezo linapitiwa na kamati ya maadili ya chuo. Likipita, barua ya chuo inakwenda mkoani, ya mkoa wilayani, ya wilaya kwa mtendaji wa kata, naye anakuandikia ya mtendaji wa kijiji, ambaye anakukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wenzangu wengine waliudhika. Mimi naona ni haki watu kujua nani anakuja kuwauliza habari za uzazi wao.

Nilitaka kujua kwa nini kitabu namba 12 kinapungua majina msimu wa mpunga. Jibu nililipata kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo familia huhamia shambani kulinda mazao. Chini ya dungu moja nilikaa na mama aliyekuwa amejifungulia hapo hapo, mtoto wa wiki chache amelala kwenye kanga, ndege wakifukuzwa kwa makelele na kaka zake. Pembeni alikuwa bibi aliyempokea mtoto. Nilimwamkia, akaniita mwanangu, akaniambia mpunga ukiachwa siku mbili nguruwe wanaumaliza, na njaa ya mwaka mzima haina zahanati. Kliniki mama yule alikuwa akihudhuria, na kadi yake alikuwa nayo, ameifunga kwenye nailoni isilowe. Alikijua kituo na alikiamini. Kilichomshinda ni mtumbwi, nauli ya bodaboda baada ya mtumbwi, na mtu wa kumwachia shamba. Nilikuwa nimebeba dodoso lenye kurasa kadhaa kuhusu uelewa wa dalili za hatari, naye dalili zote alinitajia bila kusita.

Kitaifa, utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Ni hatua kubwa, na nimeiona kwa macho: simu ya bure 115 ya mpango wa m-mama sasa inaita gari la kumchukua mama mwenye dharura. Ila mimi tangu nisome, nikitajiwa 81 akili yangu inakwenda kwa wale 19, na najua baadhi yao wanakaa wapi mwezi Mei.

Kwa anayefikiria kuomba, niseme mambo ya mfukoni. Ada ni mamilioni, mikopo ya serikali inawalenga zaidi wa shahada ya kwanza, na wengi wetu tulijilipia kwa kujibana. Mtumishi wa umma asiondoke bila ruhusa ya maandishi ya mwajiri. Jiandae kwa takwimu hata kama hesabu uliziaga sekondari, zinafundishika. Na ukirudi kazini huenda mshahara usibadilike mara moja.

Mimi sasa nimo katika timu ya afya ya halmashauri. Kila mwaka, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, tunaandaa mpango kabambe wa afya na bajeti yake, na kila mstari una watu wanaoutetea. Safari hii nimepeleka ombi la huduma ya mkoba kwenye madungu msimu wa mpunga: mafuta ya boti, posho ya wakunga wawili, na chumba cha kusubiria jirani na kituo kwa wenye mimba za hatari. Wapo wanaosema fedha hiyo ingenunua magodoro ya wodi. Magodoro yanahitajika kweli, nimelaza wazazi wawili wawili kitanda kimoja. Kikao kitakaa tena wiki ijayo, na nitakwenda na majina ya vitongoji, idadi ya wajawazito waliosajiliwa kwenye kitabu namba 6, na idadi ya wale ambao hawakutokea kwenye namba 12.