Mtambo wa Atomi wa Lovanium na Watu Wake

Wasomaji wetu wa Katanga wanalijua jina la Shinkolobwe. Pale, karibu na Likasi, madini ya urani yalivumbuliwa mwaka 1915. Kwanza yalichimbwa kwa ajili ya radiamu. Kisha, wakati wa vita kuu ya pili, yalivuka bahari. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 zilipelekwa New York kwa meli, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ya mabomu yao ya 1945 ilitoka kwetu. Mchimbaji aliyelibeba jiwe lile hakujua alibeba nini. Hakuambiwa.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi. Leo twataka kusimulia nyingine, isiyojulikana sana nyumbani mwetu: jinsi Kongo ilivyopata mtambo wa atomi kabla ya nchi zote za Afrika, na jinsi mtambo huo ulivyowekwa chuoni ili kufundisha watu.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima karibu na Leopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Kilizaliwa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji. Mkuu wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padre na tena mwanafizikia. Ndiyo sababu alitaka wanafunzi wajifunze elimu ya atomi kwa mikono yao wenyewe, wasiisome vitabuni tu. Mtambo ulitoka Marekani, wa aina iitwayo TRIGA. Wakaliunganisha jina hilo na la Kongo, ukaitwa TRICO. Uliwashwa mwezi wa Juni 1959, ukiwa na nguvu ya kilowati 50. Haukuundwa kutoa umeme. Kazi yake ilikuwa kufundisha, kuchunguza, na kutengeneza isotopu, yaani vitu vyenye kutoa mionzi vitumiwavyo hospitalini na katika uchunguzi wa mimea na udongo.

Mama mmoja atauliza: je, ni busara kuwapa vijana kitu kama hicho? Swali ni la haki, nasi tulijibu.

Ndani ya birika kubwa la maji husimamishwa fito za urani iliyochanganywa na zirikoni na hidrojeni. Kiini cha urani kikipasuka hutoa joto, pamoja na chembe ndogo ziitwazo nyutroni. Nyutroni zikipunguzwa mwendo hupasua viini vingine kwa urahisi, na hidrojeni ndiyo inayosaidia kuzipunguza mwendo. Sasa, fito zikipata joto kupita kiasi, hidrojeni iliyomo nayo hupata joto, isiweze tena kuzituliza nyutroni vema. Hapo kupasuka hupungua kwenyewe, mara moja, kabla mtu hajanyosha mkono. Jiko la makaa halina adabu ya namna hiyo! Kwa sababu hiyo mitambo ya TRIGA, zaidi ya 60, imewekwa katika vyuo na vituo vya uchunguzi vya nchi nyingi.

Lakini mtambo hata uwe na adabu namna gani, hauwezi kujitunza. TRICO wa kwanza ulipumzishwa mwaka 1970. Mwaka 1972 ukawashwa wa pili, TRICO II, wenye megawati 1, yaani nguvu mara 20 ya ule wa kwanza. Kituo kiliongozwa miaka mingi na Mkongo, injinia Félix Malu wa Kalenga. Wengi hudhani kazi ya atomi ni ya maprofesa peke yao. Sivyo. Yuko anayeketi mbele ya meza ya vipimo, macho yasibanduke. Yuko fundi wa pampu, na fundi wa kuunga vyuma. Yuko anayepima usafi wa maji, na yule apimaye mikono na mavazi ya kila atokaye. Yuko mwenye kuandika daftari. Yuko mlinzi wa mlango. Na juu ya mlango huo hatuwezi kuficha neno: fito mbili za Kinshasa zilitoweka, na moja ilikamatwa Italia mwaka 1998. Yaliandikwa duniani kote, kwa aibu yetu.

Mwaka 2004 TRICO II ulisimamishwa. Mashine ilikuwa imezeeka, na vipuri vilikuwa adimu.

Wengine hawakungoja. Mwaka 2006 Ghana ilianzisha shule ya elimu ya atomi, Chuo Kikuu cha Ghana kikishirikiana na tume ya atomi ya nchi hiyo. Kenya imewapeleka vijana wake kusoma Korea ya Kusini, ingawa haijajenga mtambo hata mmoja wa umeme wa atomi: watu kwanza, zege baadaye. Sisi twaona wamefanya vema. Na huko Texas, Marekani, chuo cha Kikristo cha Abilene kimeshirikiana na vyuo vingine vitatu ili kujenga mtambo wa namna mpya, ambao urani yake imo ndani ya chumvi iliyoyeyuka. Ruhusa ya kuujenga ilitolewa mwezi wa Septemba 2024. Wanafunzi wamo katika kazi hiyo pamoja na walimu wao. Nguvu yake ni megawati 1, sawa na ile ya TRICO II.

Kijana aliyekuwa na miaka 25 TRICO II ulipowashwa, sasa anakaribia 80. Vitabu havikuandika yote ayajuayo: sauti ya pampu inapoanza kuharibika, rangi ya maji yaliyo safi, mwanga wa buluu chini ya birika mtambo uwakapo. Baba na mama wa Kinshasa wenye mwana au binti apendaye hesabu na fizikia, mkimjua mzee wa namna hiyo mtaani kwenu, mpelekeni mtoto kwake Jumapili alasiri, na daftari mkononi.