Chupa za Juani na Safari ya Kiwandani

Kisiwa cha Juani kiko kusini-mashariki ya kisiwa kikuu cha Mafia. Fukwe zake za mashariki huelekea Bahari ya Hindi, na huko ndiko kasa hupanda kutaga mayai. Huko pia mawimbi hutupa chupa za plastiki ambazo wakazi wa Juani hawakuzinunua wala kuzitumia.

Serikali za Afrika Mashariki zimechukua hatua. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kenya, kwa Sheria yake ya Fedha ya mwaka huo huo, iliviwekea viwanda vya kurejeleza plastiki kodi ya mapato ya asilimia 15 kwa miaka mitano ya mwanzo, badala ya asilimia 30 ya kawaida. Hatua ya kwanza hupunguza taka. Ya pili huvutia mtaji. Lakini je, hatua za namna hii zaweza kuitoa chupa katika ufuko wa Juani? Na tufanye hesabu.

Chupa ya lita moja na nusu ina plastiki ya gramu 30 hivi. Katika sanduku la mita moja ya ujazo, tukihesabu na nafasi zinazobaki baina ya chupa, zitaenea chupa 450 hivi, yaani kilo 13 na nusu tu. Lau sanduku hilo lingejazwa plastiki tupu isiyo na uwazi wowote, lingechukua kilo 1,380. Ni dhahiri, basi, kwamba asilimia 99 ya shehena yetu ni hewa.

Hewa hiyo yapaswa kulipiwa nauli: kwa mashua hadi Utende, kwa gari hadi Kilindoni, kwa chombo hadi Nyamisati, kisha kwa lori hadi Dar es Salaam. Mnunuzi hulipa kwa kilo, lakini chombo hujaa kwa ujazo. Hapo ndipo faida inapopotelea.

Chupa zikisagwa kuwa chenga, sanduku lile lile huchukua kilo 300 hivi. Safari ishirini na mbili huwa moja.

Kabla ya kusaga hapana budi kuchambua. Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili darasani. Kata vipande vya chupa na vya kifuniko chake, uvitie katika ndoo ya maji na kuvikoroga. Vya chupa vitazama, kwa kuwa plastiki yake ni nzito kuliko maji. Vya kifuniko vitaelea. Viwanda navyo hutumia kanuni hiyo hiyo.

Aidha, jua hukatakata minyororo ya molekuli za plastiki na kuidhoofisha. Kwa hiyo chupa iokotwe mapema. Hata hivyo, plastiki iliyochakaa nayo ina kazi: mwaka 2019 jahazi Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa, lilisafiri hadi Zanzibar.

Nafuu ya kodi inayoishia kwenye lango la kiwanda haivuki bahari. Serikali ikitaka kiwanda kipate mali ghafi, na kasa apate mchanga safi wa kutagia, sehemu ya nafuu hiyo haina budi kuifikia mashine ya kusagia iliyoko kisiwani.