Unalipa deni kidogo-kidogo, lakini wanakuja tena mlangoni: ufanye nini?



Mara nyingi hapa ninawaandikia juu ya mihogo, mahindi na mbegu. Leo ninaandika juu ya deni, na mtaona kama ni jambo la shamba vilevile.

Siku moja nilipita kwa mama mmoja, upande wa Baraka, kuangalia mihogo yake. Ilikuwa mbegu safi, isiyo na mozaiki, na ilikuwa na miezi nane tu. Nilikuta nusu ya shamba imeng'olewa, mashina yamelala juani. Nikauliza: "Mama, ni ugonjwa?" Akajibu: "Hapana, mwanangu. Ni deni."

Alikuwa amekopa dola 100 kwa mtu wa soko, juu ya mtoto aliyelazwa hospitalini. Kisha walisikilizana alipe kidogo-kidogo, dola 20 kila mwezi. Alilipa mara tatu. Hakuna kilichoandikwa. Mwezi wa nne, vijana wawili walifika asubuhi na mapema pamoja na mtu aliyejiita polisi: "Mama, leta yote leo, ao unalala kasho." Mama aliogopa. Aling'oa mihogo, akaiuza mibichi kwa bei ya haraka. Pesa haikutosha. Na juu ya hayo akaambiwa kama dola 60 alizolipa mbele zilikuwa "za riba tu", deni lenyewe iko palepale.

Yule mama hakukataa kulipa. Alikuwa analipa. Shida ni kwamba mpango wake ulikuwa wa mdomo, na mpango wa mdomo hauna meno siku watu wanapogonga mlango.

Riba na pesa ya mwanzo ni vitu viwili

Wengi wetu tunajua ile "Banki Lamberi": mtu binafsi anakopesha bila ofisi, bila karatasi ya serikali, kwa riba ya kila mwezi. Wengine wanachukua pesa kwa mchuuzi na kumuahidi mahindi ao mawese ambayo hayajavunwa. Tunaenda huko juu ya hospitali, masomo ya watoto, matanga ao mbegu ya msimu. Simcheki mtu. Lakini tufanye hesabu.

Umekopa dola 100 kwa riba ya 20 kwa mia kila mwezi. Ukilipa dola 20 kila mwezi, na mwenye kudai anaziandika zote kama riba, baada ya miezi mitano umetoa dola 100 na bado unadaiwa dola 100. Baada ya mwaka umetoa 240, na bado unadaiwa 100. Unakimbia huku umesimama.

Sasa mkisikilizana kama riba inasimama leo, na deni lote ni dola 140, ukilipa dola 20 kila mwezi unamaliza kwa miezi saba. Pesa ni ileile, mfuko ni uleule. Tofauti ni neno moja: riba imesimama ao haijasimama? Ndiyo sababu swali la kwanza, mbele ya kuuliza "nilipe ngapi kwa mwezi", ni hili: "Kuanzia leo deni lote ni ngapi, na riba inasimama?"

Mpango wa kulipa ufuate msimu

Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, lakini shamba halijui mwisho wa mwezi. Katika msimu A tunapanda Septemba na Oktoba, tunavuna Januari na Februari. Katika msimu B tunapanda Februari na Machi, tunavuna Juni na Julai. Oktoba mpaka Desemba ghala iko tupu. Mtu anayekubali kulipa dola 20 mwezi wa Novemba anajidanganya, na anamdanganya anayemdai.

Kwa lile deni la dola 140, mpango wa mkulima unaweza kuwa hivi: dola 5 kila mwezi kuanzia Oktoba mpaka Januari, ni 20. Februari, mahindi yakiisha kuuzwa, dola 60. Machi mpaka Juni dola 5 kila mwezi, ni 20 tena. Julai, dola 40. Jumla 140, na imekwisha. Zile dola 5 ni ndogo, lakini zinaonyesha kama hujakimbia.

Neno moja la agronome: mbegu haiingii katika mpango. Mkivuna, toeni kwanza mbegu ya msimu unaokuja, muifunge pembeni, kisha muhesabu ya kulipa. Anayelipa deni kwa mbegu anarudi kukopa mbegu. Na mihogo michanga msiing'oe juu ya kelele za siku moja. Mihogo ya miezi nane inatoa unga mdogo kuliko ile ya mwaka mzima.

Mpango huo muuandike kwa karatasi mbili: majina, deni lote, riba imesimama, tarehe na kiasi cha kila malipo, na nini kitafanyika mvua ao wadudu wakiharibu mavuno. Tumeona maji ya Tanganyika yakipanda na kuingia katika mashamba na nyumba. Jambo kama hilo liandikwe mbele, si baada ya hasara. Watie sahihi wote wawili pamoja na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Asiyejua kuandika aweke kidole, lakini kwanza asomewe karatasi kwa lugha anayoisikia, kama ni Kiswahili ao Kibembe.

Wakija mlangoni

Hata ukiwa na mpango, wanaweza kuja. Pengine mwenye kudai amebadilisha mawazo. Pengine amewapa vijana kazi ya kulipisha, na hao wanalipwa kwa kile wanachorudisha. Usikimbie shamba na usipige kelele. Fanya hivi:

Uliza jina lao na nani amewatuma. Aliyetumwa aonyeshe karatasi ya kutumwa. Kama hana, mwambie: "Nitaongea na mwenyewe." Pesa ukiitoa kwa mtu asiyejulikana, mwenye kudai anaweza kusema hajaona kitu.

Ita jirani ao memba wa komite akae karibu. Mbele ya shahidi sauti zinashuka.

Onyesha mpango na risiti zako, lakini usiachilie karatasi ya kwanza mkononi mwao. Wape kopi.

Usitie sahihi kitu chochote siku hiyo. Karatasi inayoandikwa kwa hasira inaweza kuongeza deni, ao kugeuza shamba lako kuwa limeuzwa.

Usitoe mbuzi, baiskeli, simu ao bati "kwa kushikilia kwanza". Kitu kikishatoka bila karatasi, bei yake wataipanga wao.

Ukilipa, hata franka kidogo, chukua risiti: tarehe, kiasi, deni lililobaki, sahihi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe.

Hili la risiti ninalijua kwa mwili wangu. Nilipomaliza masomo nilichukua pikipiki kwa kulipa polepole. Mwezi mmoja nililipa mkononi, njiani, bila karatasi. Nililipa mwezi ule mara mbili. Mtu mwenye diploma, lakini hana risiti, ni sawa na asiye na diploma.

Na polisi?

Hapa ndipo woga ni mkubwa, basi tuseme wazi. Deni la kawaida ni jambo la tribinali la watu wawili, si kosa la kufungia mtu. Nchi yetu iliingia mwaka 1976 katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshikilia mtu kupita saa 48. Baada ya hapo aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria wenye uwezo.

Lakini tusidanganyane. Ukikopa kwa uongo, ao ukiuza mali uliyopewa kutunza tu, hilo linaweza kuwa kosa la kweli. Mwenye kuchukua gunia za koperative ghalani na kuziuza kwa siri asiseme "ni deni tu". Na wengine wanatumia mlango huo kwa hila: wanapeleka deni la kawaida kwa polisi na kuliita utapeli. Ndiyo sababu karatasi ya mpango ni dawa. Inaonyesha kama ulikopa, ulikubali, na unalipa. Ukipata barua ya kuitwa, usiikimbie. Nenda na kopi za karatasi zako na mtu wa komite, na umjulishe shefu wa kijiji mbele ya kwenda.

Kuhusu kukamata mali: tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya kulipisha madeni inataka hukumu ao karatasi yenye nguvu kama hukumu, na afisa wa tribinali mwenye kazi hiyo, ndiye huisie. Vijana wa pikipiki si huisie. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 39, ina pande mbili. Huwezi kumlazimisha anayekudai apokee nusu-nusu. Ndiyo sababu unahitaji sahihi yake kwenye mpango. Lakini hakimu, akiangalia hali yako na mahitaji ya mwenye kudai, anaweza kusogeza ao kugawanya malipo mpaka mwaka mmoja.

Na anayefanya kazi ya kukopesha, kama ni ofisi ya mikopo midogo, anapaswa kuwa na ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo. Sheria inasema hivyo. Mbele ya kukopa, omba kuona ruhusa hiyo. Si matusi.

Na sisi tukiwa ndio wenye kudai

Mara nyingine anayegonga mlango ni sisi: komite ya koperative ao AVEC. Nimeona kikundi kikibeba masufuria ya memba wake mchana, watu wakiangalia. Masufuria yalirudi baadaye, lakini mama yule hakurudi katika kikundi, na deni halikulipwa. Pesa ya sanduku ni jasho la wote, lazima irudi. Basi tutume watu wawili wanaojulikana, mchana, na daftari mkononi. Tuulize mavuno yamekuwaje. Tupange upya mara moja, kwa maandishi, mbele ya mkutano. Na asiyelipa kwa makusudi, tufuate kanuni tulizotia sahihi sote, si ngumi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Lakini dawa ina kipimo: ukiinywa yote kwa siku moja inakuua, na ukiinywa bila kuhesabu hujui kama umepona.

Yule mama, msimu uliofuata, alikaa na mwenye kumdai mbele ya komite na shefu. Riba ilisimamishwa, malipo yakapangwa kwa Februari na Julai. Nusu ya shamba iliyobaki ilifikisha mwaka ndani ya udongo. Nilipopita tena, alinionyesha kwanza mihogo, kisha akafungua kitenge na kunionyesha mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa risiti, zimepangwa kwa tarehe.

Katika mkutano wenu unaokuja, kila mwenye deni alete karatasi zake. Asiye na karatasi, komite imsaidie kuandika mpango mbele ya kupanda.