Baada ya Dhiki, Uhuru wa Nani?

Neno dhiki tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni ufinyu: mahali palipobana, pasipo nafasi ya kupita. Faraja nayo imetoka huko huko, na maana yake ya mwanzo ni kufunguka, kupatikana upenyo. Ndiyo maana methali yetu ya baada ya dhiki faraja inaingia akilini kwa wepesi. Ni kama kumwambia mtu aliyebanwa uchochoroni kwamba mbele kuna uwanja.

Neno la tatu, uhuru, halimo katika methali hiyo. Limetokana na hurr, yaani mtu asiyekuwa mtumwa. Dhiki na faraja humfika mtu yeyote, tajiri au fakiri. Uhuru, kwa asili ya neno, ni jambo la baina ya watu: huyu anao, yule hana. Tofauti hii inatusaidia sana kuvisoma vitabu na kuzitazama filamu zinazotuhusu, na makala haya yanakusudia kueleza namna gani.

Mfano wa kale

Fasihi ya Kiarabu ilikuwa na aina nzima ya vitabu vilivyojengwa juu ya dhiki na faraja. Kinachojulikana zaidi ni al-Faraj ba'd al-Shidda cha kadhi al-Muhassin al-Tanukhi, aliyefariki mwaka 384 Hijria, sawa na 994 Miladia. Mna humo visa vingi vya watu waliofungwa, waliofilisika na walioandamwa na watawala, kisha wakaokoka. Kisa kikuu cha namna hii ni cha Nabii Yusuf: kisima, kuuzwa, jela, kisha cheo na kukutana tena na baba yake. Watoto wa pwani walikisikia chuoni kabla hawajajua kusoma vizuri. Msikilizaji alijua tangu mwanzo kwamba mlango utafunguka.

Waandishi wa zama zetu wanaujua mfano huu, nao wameuvunja makusudi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alichapisha riwaya ya Paradise mwaka 1994. Kwa Kiswahili inasomeka kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kijana mkuu wa riwaya anaitwa Yusuf, na jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Anatolewa kwao akiwa na miaka kumi na miwili kwenda kwa tajiri Aziz, ambaye yeye anamdhani ni ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hakununuliwa sokoni wala hakufungwa mnyororo, lakini hawezi kuondoka. Msomaji anayekijua kisa cha Nabii anangoja faraja. Mwishoni Yusuf anawakimbilia askari wa Wajerumani wanaopita na msafara wao. Ametoka mikononi mwa tajiri na kuingia mikononi mwa jeshi, na hapo kitabu kinakwisha.

Cheti cha uhuru

Katika riwaya hiyo yumo mzee mtunza bustani, Mzee Hamdani, aliyekuwa mtumwa. Bibi yake alipompa uhuru, hakuupokea kama zawadi, kwa kuwa haoni vipi bibi huyo alikuwa na milki ya kitu hicho hata akigawe. Maneno yake yanaeleweka zaidi tukiyaweka karibu na sheria ya Unguja yenyewe.

Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Seyyid Barghash wa mwaka 1873. Utumwa kama hali inayotambuliwa na sheria uliondolewa kwa amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897. Lakini amri ile haikuwaachia watumwa wote siku moja. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuudai mbele ya mahakama, na bwana akapewa fidia. Aliyepewa uhuru naye aliwajibika kulipa kodi na kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Wengi hawakuwa na ardhi. Walibaki kwenye mashamba yale yale ya karafuu, wakijenga na kulima kwa idhini ya mwenye shamba. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo kwa hoja kwamba hali yao ni kama ya wake, na mlango wao haukufunguliwa mpaka mwaka 1909.

Hapa ndipo uhuru na faraja vinapoachana. Mtu angeweza kutoka mahakamani na cheti mkononi, akawa huru kwa kila herufi ya sheria, na jioni ile ile akawa katika ufinyu kuliko wa asubuhi.

Binti wa Mtoni

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ni mmoja wa watu wa kwanza wa pwani yetu kuandika maisha yake na kuyachapisha. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa jina la Emily Ruete. Aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwacha Ujerumani na watoto watatu wadogo. Dhiki yake ya ujane na ugeni ni ya kweli, na kila mama aliyelea watoto katika nchi ya baridi mbali na jamaa zake ataielewa.

Lakini Salme yule yule, aliyethubutu kuvunja amri ya ukoo wake ili ajiamulie maisha, ana sura nzima juu ya utumwa ambamo anawalaumu Wazungu kwa haraka yao ya kuuondoa, na kutaka watu wasiulinganishe na ule wa Marekani. Mama yake mwenyewe alikuwa suria wa Kicherkasi aliyeletwa akiwa mtoto. Simtaji ili kumhukumu. Namtaja kwa kuwa anatuonyesha jambo ambalo sote tunalo: mtu anaweza kuijua dhiki yake kwa undani na asiione ya yule anayemletea maji ya kunawa.

Ya huyo mleta maji iliandikwa baadaye, na mwandishi mwingine. Adam Shafi alichapisha Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Ndani yake yumo mtumishi anayeitwa Kijakazi, aliyekulia katika utumishi wa kasri, na utiifu wake kwa bwana ndio mnyororo mgumu kukatika kuliko yote. Najua wasomaji wetu wengi hawakipendi kitabu hiki. Wanasema Fuad amechorwa bila hata chembe ya wema, na kwamba kinayatukuza Mapinduzi yaliyowatoa makwao. Malalamiko hayo yana msingi. Riwaya si hati ya mahakama, na haithibitishi alichofanya mwenye shamba fulani. Inachothibitisha ni kwamba zaidi ya miaka sitini baada ya amri ya 1897, neno uhuru lilikuwa bado lina deni huko mashamba. Mwanahistoria asiyetaka kulijua deni hilo hawezi kueleza Januari 1964, hata kama ana haki ya kuyalilia yaliyotokea.

Ndani ya tangi

Wale waliolazimika kuondoka baada ya hapo walifika Dubai, Kuwait, Bahrain na Cairo, na wengi walifika Oman baada ya mwaka 1970. Baadhi walisafiri kwa majahazi, bila hati ya nchi yoyote. Kwao kitabu kinachosema zaidi huenda kisiwe cha pwani yetu hata kidogo. Ghassan Kanafani, Mpalestina, alichapisha Rijal fi al-Shams, yaani Wanaume Juani, mwaka 1963. Wanaume watatu, Abu Qais, Assad na Marwan, wanataka kutoka Basra kwenda kutafuta riziki Kuwait. Dereva, Abul Khaizuran, anawaficha ndani ya tangi la maji lililo tupu kila wanapovuka mpaka. Katika kituo cha mwisho makarani wanamchelewesha kwa mizaha, na wale watatu wanakufa kwa joto. Kwa Kiarabu, hii ndiyo dhiki kwa maana yake ya asili kabisa.

Katika riwaya dereva anabaki akijiuliza kwa nini hawakugonga ukuta wa tangi. Tawfiq Saleh, mwongozaji wa Misri, aliigeuza hadithi hii kuwa filamu nchini Syria mwaka 1972, akaiita al-Makhdu'un, Waliohadaiwa. Akabadilisha jambo moja: katika filamu wanagonga, na hakuna anayewasikia, kwa sababu makarani wamo ndani, na mashine ya kupoza hewa inavuma. Badiliko hilo linahamisha lawama. Riwaya inamuuliza aliye ndani ya dhiki kwa nini alinyamaza. Filamu inamuuliza aliye nje, kwenye ubaridi, kwa nini hakusikia. Maswali yote mawili yanatuhusu, kwa kuwa familia zetu zimewahi kuwa ndani ya tangi, na leo nyingi ziko ndani ya ofisi zenye ubaridi, katika nchi ambazo wageni wengine wanafika kutafuta riziki.

Kutazama kutoka juu, kutazama kutoka chini

Filamu ina hatari ambayo kitabu hakina sana, nayo ni kutazama kutoka mbali. Wengi wetu tumeziona zile picha za Unguja ya Januari 1964 zilizopigwa kutoka angani katika filamu ya Kitaliano Africa Addio, ya Jacopetti na Prosperi, iliyotoka mwaka 1966. Ni picha za watu wanaokimbilia ufukweni na za maiti. Kuna familia zinazoziangalia kama ushahidi pekee zilio nao. Nafahamu kwa nini. Lakini filamu hiyo imelaumiwa kwa ubaguzi, na lawama hiyo haikosi sababu: inamtumia marehemu wetu kusema kwamba Mwafrika hakustahili kujitawala. Kutoka kwenye ndege maiti hana jina, na aliyemuua hana historia.

Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, imepigwa kutoka chini. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri mara kadhaa, anatoroka. Rafiki yake Mwajuma anampokea, naye anampenda Denge, anayepinga utawala wa Mwingereza. Kwake yeye uhuru wa nchi na uhuru wa mwanamke ndani ya nyumba haviendi mwendo mmoja, na hakuna anayemuahidi faraja. Tunawajua watu hawa kwa majina, kwa nyimbo na kwa vichochoro wanavyopita.

Wanaorekodi kumbukumbu za wazee wao wanaweza kuchukua funzo hapo. Aghalabu tunamuuliza mzee nani alikuwa akikaa barazani, nani alikuwa kadhi, na jahazi gani lilimleta. Tumuulize pia nani alikuwa uani: nani alipika, nani alichota maji, alikuwa mtoto wa nani, na alielekea wapi nyumba ilipofungwa. Majina hayo bado yamo vichwani mwa wachache walio hai. Yaandikwe katika daftari lile lile yanamoandikwa ya ukoo.